Mkono wa Kuchorea

Mjukuu wangu wa kike ana mashoto. Tangu alipoanza kushika kijiko, mkono uliotangulia ulikuwa wa kushoto, nami niliupiga. Kwetu mkono huo una kazi yake chooni, na wa kulia una kazi yake kwenye sinia na kwa watu. Mtoto asiyelijua hilo akienda kwa watu hatasemwa yeye. Nitasemwa mimi niliyemlea, maana mama yake anafanya kazi hotelini Diani, na huku Gazi huja siku za mapumziko tu.

Kula alijifunza. Kupokea kitu kwa heshima alijifunza. Kuandika, walimu wa siku hizi hawajali, walimwachia mkono wake. Tuliloshindana mimi na yeye ni kuchora.

Alianza na makaa kwenye ukuta wa jiko. Namwambia afute, anafuta, na kesho yake ukuta umejaa tena. Hakuchora watu. Alichora majani ya mikoko, na zile korosho za kwenye pindo la kanga. Alikuwa akiitandaza kanga yangu sakafuni anazifuatisha kwa kidole, nami nikitaka kujifunga sina cha kujifunga. Halafu akaingiwa na hamu ya hina. Alimwendea mchoraji wetu, mama mmoja wa Ukunda anayeitwa kwenye harusi nyingi za upande huu, akamwomba amfundishe. Mama yule alimjua kwa mashoto yake, akacheka.

"Kwa mkono huo? Nani atakupa mwanawe umchore?"

Maneno hayo alikuja kuniambia baadaye. Siku ile alirudi, akaufagia uwanja niliokwisha kuufagia mimi. Nilipomuuliza ana nini, akaniambia anataka kujifunza hina na amekataliwa.

"Jifunze mwenyewe," nikamwambia. "Lakini kwa wa kulia. Vinginevyo sitaki kuiona hina hapa."

Akajifunza. Mwalimu hana, ana simu ya mama yake siku mama yake akija, na ana macho. Koni za kukamulia hina alizikunja kwa karatasi ya plastiki iliyokuja na shati la dukani. Hina ya kwanza, aliyoijaribia kwenye jani la mgomba, ilikuwa maji, ikatambaa. Iliyofuata ilikuwa nzito, akaikamua koni mpaka ikapasuka, ikamrukia shingoni. Nikamwambia mbona yeye amechorwa vizuri kuliko jani. Hakucheka. Alichorea majani ya mgomba, anaosha, anachora tena, mpaka majani yakachanika. Kwa mkono wa kulia mistari yake ilikwenda kama kuku aliyefungwa mguu. Nilimwona akiuma midomo, nikageukia jiko langu.

Majani yalipomchosha akaniomba miguu yangu. Nikampa. Baada ya alasiri nilikaa kibarazani nachagua mchele, miguu nimeinyoosha, naye yuko chini.

"Bibi, usitazame. Ukinitazama natetemeka."

Nikatazama mchele. Siku nyingi zilipita hivyo, akimaliza anaiosha upesi kabla haijashika. Kisha siku moja mchele uliisha kabla yeye hajamaliza, nikainamisha kichwa. Nilichokiona kwenye mguu wangu kilinitisha. Mistari ilikuwa myembamba kama nywele, haikatiki, haivimbi. Na maua yote yaliinamia upande mmoja, kama yamepigwa na upepo.

"Umechora kwa mkono gani?"

Akaifunika ncha ya koni kwa kidole.

"Nakuuliza wewe."

"Wa kulia hausikii, Bibi. Nauambia uende huku, unakwenda unakotaka wenyewe."

"Basi acha kuchora."

Akaitazama koni yake. "Sitaacha."

Alisema polepole, bila jeuri, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nikainuka na hina mbichi mguuni, nikaenda kuiosha. Lakini siku hiyo alikuwa amechora muda mrefu, hina ilikwisha kushika. Nikawa natembea na maua yale kijijini, na kila nikienda dukani wanawake wananisimamisha.

"Bibi we! Nani kakuchora?"

"Mtu," nawajibu.

Ikafika harusi ya binti wa jirani yangu, anaolewa Msambweni. Siku ya hina, adhuhuri haijaadhiniwa, simu ikalia: mchoraji wa Ukunda mwanawe amelazwa, haji. Na wanawake wa upande wa bwana harusi wako njiani, wanakuja kumtazama bi harusi akichorwa. Jirani yangu aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Bi harusi ndiye aliyesema. "Bibi, nimeiona miguu yako. Yule wako yuko wapi?"

Sikupenda. Mikono ya bi harusi ikiharibika, itasemwa Msambweni mpaka awe na wajukuu. Na mjukuu wangu, kama angeiharibu yeye, hakuna mwanamke huku ambaye angempa tena hata kidole. Nilimjua. Angeweka koni chini na asiiguse tena maishani mwake. Nilikuwa nimemwambia aache, ni kweli, lakini si kwa njia hiyo, mbele ya watu.

Nikaenda kumwita. Mlangoni kwa jirani nikamshika bega. "Wa kulia. Umenisikia? Hapa si kwetu."

"Nimekusikia, Bibi."

Alipoketi mbele ya bi harusi, wageni nao wakaingia. Aliyetangulia ni shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene, mwenye macho yanayoingia mpaka uvunguni. Mjukuu wangu akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akimkagua.

"Mchoraji ndiye huyu? Si mtoto huyu?"

"Ndiye," nikasema.

Mjukuu wangu akaanza na kiganja cha kulia cha bi harusi. Akasema bismillahi, akashusha koni kwa mkono wa kulia. Mstari ukaenda kidogo, ukapinda, ukatoa tone. Akaufuta kwa pamba, akaurudia, ukapinda tena. Bi harusi alikuwa akiutazama mkono wake kama si wake. Mama yake akaanza kuvuta ushungi mdomoni. Na mjukuu wangu akaniangalia mimi, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Hakuomba. Alinitazama tu.

"Hamisha," nikamwambia.

Koni ikahama kwenda kushoto.

"Kha!" Shangazi yule akainuka nusu. "Mkono huo? Kwa mwali wetu?"

Wanawake wakageuka wote kunitazama mimi. Nilichukua birika na beseni vilivyowekwa kwa wageni kunawa. Nikapiga goti mbele ya mjukuu wangu, goti langu hili bovu, nikamwambia alete mkono. Nikaumiminia maji, nikausugua kwa sabuni mpaka kwenye kucha, nikaumiminia tena, nikaufuta kwa leso yangu mwenyewe. Sikuwa nimemnawisha mkono huo tangu alipokuwa mtoto mchanga.

"Mkono huu ni safi," nikasema. "Nimeuosha mimi, mmeona. Atakayesema una uchafu aseme uchafu huo ni wangu."

Shangazi akakaa, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Kiganja cha kulia hapana," akasema. "Hicho ndicho mwanetu atakachokishika akiingia kumpa mkono mkewe. Hicho hakichorwi kwa kushoto. Nimemaliza."

Nikafikiri, nikaona ana haki yake. Nami ningekuwa shangazi ningesema vivyo hivyo. Nikachota donge la hina, nikalipachika kwenye kiganja kile, duara moja kubwa lililojaa, juu ya ile mistari iliyopinda, na ncha za vidole nikazipaka. Hivyo ndivyo tulivyopakwa sisi wa zamani, bila maua wala majani.

"Haya," nikamwambia mjukuu wangu. "Kwingine kote ni kwako."

Akainama. Alichora mkono wa kushoto, akapanda mpaka karibu na kiwiko, akashuka miguuni. Nilikuwa nikiuona ule mkono ukienda nami nimebana meno, nangoja uteleze. Haukuteleza. Korosho za kanga yangu zikatoka, na majani ya mikoko, yote yameinamia upande mmoja. Shangazi akasogea, akasogea tena, mpaka kivuli chake kikafunika mguu.

"Samahani, shangazi," mjukuu wangu akasema bila kuinua kichwa. "Unanikinga mwanga."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, shangazi alikuwa amehama.

Hakumsifu. Alipoondoka alisema tu hina isibanduliwe mapema, akaenda zake.

Kesho yake, baada ya nikaha, bwana harusi aliingia akampa mkewe mkono, akashika duara langu. Sisi wanawake tukaletewa pilau. Kwenye sinia letu tulikaa mimi na mjukuu wangu, na nani anakuja kukunja miguu mbele yetu? Shangazi. Nikamtazama mjukuu wangu kwa jicho ambalo analijua. Nilijua kuwa shangazi naye anatazama mkono upi utakaogusa wali.

Akasema bismillahi, akala kwa kulia. Wa kushoto aliulaza juu ya paja, ncha za vidole zimeiva wekundu.

Shangazi alikula matonge mawili matatu. Kisha akachagua kipande kizuri cha nyama, akakisukuma upande wa mjukuu wangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nina binti anaolewa baada ya Maulidi ya Mfungo Sita. Viganja atampaka bibi yako."