Nilinyamaza mbele ya profesa Ulaya, mjomba wangu akakalishwa benchi Unguja

Wakuu, hamjambo humu? Shikamooni mlionizidi umri, ingawa sidhani kama mpo wengi, mimi nshazeeka.

Hili ni langu mwenyewe, sikusimuliwa. Sehemu ya mwisho hata mke wangu hajapata kuisikia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mtafiti Kizimbani, shamba la serikali la mikarafuu. Miti ilikuwa inakufa. Leo mti unauona mzima, baada ya muda mfupi umekauka wote, umesimama vilevile. Chuo kikuu kimoja Ulaya kikaniita nikakae nao miezi sita kama mtafiti mgeni, tutafute sababu.

Sasa nyinyi mnaokata tiketi kwa simu, nisikilizeni. Wakati ule ulikuwa hutoki Unguja hivi hivi. Lazima upate ruhusa, na lazima mtu akudhamini. Usiporudi, anashikwa yeye.

Aliyenidhamini ni Mjomba Haji, kaka yake mama, mshona kofia wa mtaa wa Ng'ambo, pale pale mjini Unguja. Alitia saini bila hata kuuliza nnakwenda nchi gani.

Huko nilikokwenda, loh! Baridi ya kukata masikio, lakini maabara sasa! Darubini naitumia peke yangu, hakuna foleni. Profesa mwenyeji wangu, mzee mpole, alinipenda. Mwezi wangu wa tano huko akaniambia, "Ungekaa mwaka mmoja zaidi. Niwaandikie wakubwa wako?"

Nikatazama chini, nikanyamaza.

Kwetu jawabu gumu humpi mtu mzima usoni. Unanyamaza, naye anaelewa, anabadilisha mazungumzo, heshima imebaki. Yule mzungu akaona nimekubali. Akaandika barua moja kwa moja kwa wakubwa Unguja.

Wiki kadhaa zikapita, ikaja barua ya mke wangu, Bi Zuwena. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, kwa hiyo aliandika kwa tahadhari. Watoto wazima, mvua nyingi. Halafu: "Mjomba Haji siku hizi anaitwa ofisini kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi mpaka jioni. Wanamuuliza habari zako."

Wakuu, niliikunja ile barua, nikavaa koti.

Nikamwendea profesa. Ndipo akaniambia ameshaandika, na uso umejaa furaha, maskini! Nikamwambia nnarudi. Akauliza, "Na utafiti?" Nikasema basi.

Tiketi ilichukua siku tisa kupatikana. Mjomba alikuwa na pumu. Nikawa nawaza, wakichoka kumweka benchini watampeleka wapi? Na huko pumu ikimbana, nani atamsaidia?

Nilipofika Unguja sikwenda nyumbani. Na sanduku mkononi, moja kwa moja kwenye ile ofisi iliyonipa ruhusa ya kusafiri. Mjomba yupo kwenye benchi, anashona kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

Ofisa akaitazama paspoti yangu, akanitazama mimi, akasema, "Nendeni." Basi, ni hilo tu.

Njiani kuelekea Ng'ambo mjomba akanivisha ile kofia. Ikanikaa sawasawa. Kumbe alikuwa ananishonea mimi, siku zote zile, na hajui kama nnarudi.

Halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulitaka kubaki?"

Wakuu, ile habari ya heshima niliyowaambia ni kweli, lakini ni nusu. Nilikuwa nshakaa na wazungu miezi mitano. Nilijua kabisa kwamba wao ukinyamaza wanaona umekubali. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aandike. Na mjomba nilimkumbuka, wallahi nilimkumbuka, nikamsukuma pembeni.

Nikatazama chini, nikanyamaza.

Mjomba si mzungu. Alielewa. Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama huko Ulaya ndizi zinapatikana.

Hatukulizungumza tena mpaka anazikwa. Kofia ninayo, naivaa Idi tu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akiweka shingo yake kwa ajili yako, mwambie ukweli wa moyo wako kabla hujaondoka, hata kama unatia aibu. Mimi nilichelewa.

Waliowahi kudhaminiwa, au kudhamini, leteni yenu hapa chini. Na mwenye kutaka kunisema aniseme, nasoma zote.