Sajenti na Kesi ya Betri Mbili

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, mlango wa chumba namba tatu cha mahakama ungali umefungwa. Wakili wa utetezi ameshafika. Amesimama wima kama mlingoti, faili kwapani, joho lake limepigwa pasi hadi mikunjo imenyooka kama rula.

"Sajenti, leo umelala hapahapa?" karani wa mahakama anamtania huku akitafuta ufunguo.

"Nimechelewa, dada. Jeshini saa hizi ni mchana."

Ni wachache wanaomwita wakili. Ana miaka hamsini na mmoja. Ishirini kati ya hiyo aliitumia jeshini, mingi katika karakana ya malori. Kila Ijumaa alikuwa na kazi nyingine: kuwasindikiza askari walioshtakiwa mbele ya kamanda. Alivaa saa ya mkononi na alikuwa na mazoea ya kupima kila kitu.

"Kesi moja, dakika nne," anasema. "Kuvua kofia na kupiga saluti peke yake ni dakika nzima. Askari anaulizwa, 'Una la kusema?' Anajibu, 'Ndiyo, afande.' Halafu kimya. Hajui aseme nini."

Alipostaafu akiwa na miaka arobaini na mmoja, alijiandikisha kusoma sheria masomo ya jioni. Miaka mitano. Mtihani wa uwakili ulimwangusha mara mbili, tena somo lilelile: mwenendo wa kesi za jinai. Mke wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akimhoji vifungu huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Nilimwambia, baba watoto, nyumba hii ina wanafunzi wanne, na wewe ndiye unayeshika mkia," anasema mkewe na kucheka.

Mara ya tatu alifaulu. Katika miaka minne ya uwakili ametetea watu sitini na mmoja. Zaidi ya nusu hawakuwa na cha kumlipa.

Mteja wa leo ni fundi wa pancha mwenye miaka ishirini na mitatu, aliyekwisha kaa rumande miezi mitano. Anashtakiwa kuiba betri mbili za lori kwenye yadi. Zilikutwa kichakani nyuma ya kibanda chake. Akitiwa hatiani, anaweza kufungwa miaka saba. Mama yake, fundi cherehani, amekaa benchi la mbele.

"Baba, mbona mpole hivyo?" anamnong'oneza wakili. "Wenzako wanapiga kelele."

"Mama, kelele zangu zote nilizimalizia kwenye gwaride."

Shahidi wa mwisho wa mashtaka ni mlinzi wa yadi, mtu wa miraba minne. Anaapa kwamba alimwona mshtakiwa akikimbia, betri moja kila mkono, kisha akaruka geti.

"Alipumzika njiani?" wakili anauliza.

"Wapi! Mbio kama swala."

Kila betri ina kilo hamsini na nane. Ilipimwa wiki iliyopita mbele ya karani, na uzito umo kwenye kumbukumbu. Wakili, aliyezibadilisha betri za aina hiyo kwa miaka mingi, anaomba shahidi azibebe zote mbili, zilizowekwa sakafuni kando ya meza kama vielelezo, hadi mlangoni. Ni mita nane.

Mwendesha mashtaka anainuka. "Mheshimiwa, hapa si uwanja wa mazoezi!"

"Kaa," anasema hakimu. "Hata mimi nataka kuona."

"Taratibu, ndugu yangu, tumia magoti," wakili anamshauri shahidi. "Mgongo hauna vipuri."

Betri ya kwanza inapanda hadi usawa wa goti. Ya pili inagoma sakafuni. Mlinzi anahema.

"Basi labda alibeba mojamoja."

"Yaani aliondoka na moja, akarudi kuifuata ya pili?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unamsubiri?"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni anageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata mlangoni.

Hakimu anapokwenda kuandika uamuzi, wakili anasimulia mpango wake. Ameiandikia kambi yake ya zamani barua, akiomba saa moja kwa mwezi awafundishe askari haki zao wanaposhtakiwa. Bado hajajibiwa.

Saa sita na nusu, hakimu anarudi: mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Mama anamkimbilia mwanawe, anazuiwa. Makaratasi kwanza.

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwenye dirisha la rumande, fundi wa pancha anatia saini kupokea vitu vyake: simu iliyokwisha chaji, ufunguo wa kibanda na mkanda. Mkanda unaingia matundu mawili zaidi kuliko zamani. Mama yake anamshika mkono, na hamwachii hata wanapovuka barabara.