Upinde wa kwanza nilimpa binti yangu bila kuuvuta mwenyewe

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa hamjambo, hamjambo pia.

Humu mimi ni msomaji tu, miaka nenda miaka rudi nasoma ya watu, nacheka, napita. Leo nina ya kwangu. Chumvi sitaongeza. Ningetaka kuongeza ningejifanya shujaa, na mtaona wenyewe kwamba shujaa ni mwingine.

Kikazi ni seremala, karakana iko Ukunda. Vitanda, milango, makabati. Kitanda changu hakijawahi kurudishwa, na hilo nimelisema hadi Mama Mwanasha amechoka kulisikia.

Mwanasha ni binti yetu, miaka kumi na mitatu. Shuleni kwao kuna mwalimu ameanzisha klabu ya upinde, ile ya kulenga shabaha. Pinde zenyewe zilikuwa mbili tu, za fibre, za msaada. Mtoto akaupenda mchezo hadi akawa anaukunja mkono hewani kama avutaye upinde akifagia.

Muhula huu upinde mmoja ukapasuka. Mashindano yalikuwa yamebaki majuma machache, mwalimu akasema basi wataenda wakubwa peke yao. Mwanasha akamjibu mbele ya wenzake: "Baba yangu atanichongea."

Hakuniuliza, wakuu. Alijua tu.

Na mimi nikavimba kichwa. Upinde ni nini? Kijiti na kamba. Nikatazama video mbili tatu, nikachukua kipande cha mti wa mvinje ulioangushwa na upepo kule Tiwi, nikapiga randa ukanyooka kama rula. Msasa, vanishi mikono mitatu. Finishing ya dukani kabisa! Majirani wakaja kuushangaa, mke wangu akapiga picha.

Nikamkabidhi mtoto palepale uani, watu wakitazama.

Alivuta mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikalia ta!

Kipande cha juu kilimpiga juu ya jicho. Nilimbeba mwenyewe hadi zahanati, akashonwa nyuzi mbili. Daktari alisema ingeshuka kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Lakini kilichonimaliza si damu. Njiani tukirudi aliniambia, "Samahani baba, nimeuvunja."

Eti yeye ndiye aliyeuvunja.

Jeraha likapona, klabuni asirudi. Leo ana nguo za kufua, kesho kichwa chamuuma. Mwalimu akanipigia simu. Mtoto aliyekuwa hasikii la mtu juu ya upinde, sasa akiuona anaangalia chini. Nilijua nimemharibia kitu ambacho msasa haukitengenezi.

Sasa hapa ndipo anapoingia Ndoro.

Ndoro ni Mduruma wa upande wa Taru, analinda duka la hardware linalotazamana na karakana yangu. Silaha yake ni upinde, na sisi mafundi tulimtania nao miaka yote. "Ndoro, ukimkosa mwizi utamkuna mgongo na hicho?" Yeye hucheka tu. Upinde wenyewe umepinda ovyo, una vifundo, hata rangi hauna.

Asubuhi moja anatoka zamu, akanikuta nimeshika vile vipande. Akaomba avione. Akapitisha kidole gumba pale palipovunjika, taratibu, macho yake kwingine.

"Fundi, waona nyuzi za mti hizi? Zakwenda hivi, zakatika. Wewe ulitaka mstari wako. Mti haukuvunjika mkononi mwa mtoto, ulikuwa umeshaukata wewe kwa randa."

Miaka yote kazi yangu ni kuulazimisha ubao ufuate rula.

Kisha akauliza, "Na kabla ya kumpa, uliuvuta mara ngapi?"

"Sikuuvuta."

Alinitazama kidogo. "Sisi kwetu, mchongaji ndiye huvuta kwanza. Uso wake mbele, si wa mwingine."

Wakuu, afadhali angenitukana.

Siku yake ya mapumziko alinipeleka kwao, tukipitia Kinango. Tulikata tawi la mkone, mti mdogo tu wa porini ambao mimi ningeupita bila salamu. Unene wa kifundo cha mkono. Nikadhani tutachonga huo. Akacheka sana.

Tukaingia jikoni kwa mamake. Nikatoa shikamoo, na juu ya moto, darini, nikaona fito zimelazwa zimekuwa nyeusi kwa moshi. Ndoro akashusha moja kavu, akapandisha ile mbichi yetu mahali pake. Ndivyo wanavyofanya: ukichukua mkavu, unaacha mbichi kwa ajili ya atakayekuja. Hiyo tuliyoichukua iliachwa na nduguye. Mamake akaniambia, "Sasa nawe una mti kwetu, mwanangu." Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Tulichonga kwa asubuhi nne, mtu ametoka kukesha na haendi kulala kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Randa alinikataza. Ni panga, kisu na kipande cha chupa cha kukwangulia. Uzi wa mti ukienda kushoto, nasi kushoto. Penye fundo tunapaachia kitambi chake. Tunavuta kidogo, tunaangalia upande upi mgumu, tunakwangua pale, tunavuta tena. Mimi fundi mzima nilikuwa mwanafunzi wa chekechea, na alinifundisha bila kunidharau hata mara moja. Mimi niliyemcheka!

Upinde ulipoisha ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Niliuonea aibu.

Nikamwita Mwanasha uani. Safari hii sikualika mtu. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kovu.

Sikumpa. Niliuvuta mwenyewe, ugwe, ile kamba yake, hadi shavuni. Moja. Mbili. Tatu, nikafumba macho, sidanganyi. Ndoro aliniambia arubaini, na mbili za mwisho uvute zaidi ya atakavyovuta mtoto. Kwenye kumi nikasikia sauti ndogo mlangoni ikihesabu nami. Kwenye ishirini alikuwa amefika katikati ya ua. Thelathini na tano mabega yanatetemeka, jasho machoni.

Arubaini.

Akanyoosha mkono. "Lete baba, wewe hata kiwiko chako umekiweka vibaya."

Mshale wa kwanza ulienda kwenye mihogo ya jirani. Nililia, na sioni haya kusema.

Mashindanoni alikuwa wa nne. Wenzake walicheka ule upinde, kisha wakapanga foleni wauguse. Ndoro bado analinda pale, na karakana nzima sasa inamwita fundi.

Somo nililopata ni hili. Tangu siku ile hakitoki kitanda kwangu kabla sijakilalia. Wateja wanacheka, mke wangu anasema natafuta pa kusinzia. Cha kwanza kabisa nilichokilalia kililia chaga mbili, nikakirudisha ndani.

Na vile vyote vya miaka yote havikurudishwa. Pengine watu walinionea haya tu.

Haya, mafundi, wapishi, washonaji mliomo humu: hicho unachowapa watu, wewe umekijaribu? Semeni kweli, yangu nimeshaitoa.