Viini Vinane vya Base Camp

Taya langu lilivunjwa mchana, ndani ya duka letu la video pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na aliyelivunja ni mtu niliyekuwa nakula naye sahani moja. Yeye Mkongo, mimi Mrundi. Tulikuwa na kompyuta moja, yeye akiandaa video za harusi, mimi za misiba, kazi zote mbili zikisagwa humo kwa pamoja.

Programu huikata kazi yake nyuzi nyuzi, na viini vya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndivyo vinavyozikimbiza. Ukiziachia nyuzi zinatangatanga na kusukumana, kwa hiyo sisi tulizifungia, kila kazi kwenye viini vyake. Mashine ilionyesha viini vinane, namba sifuri hadi saba. Tukavigawa kama shamba la Nakivale, mstari katikati: vinne vya mwanzo vyangu, vinne vya mwisho vyake. Na huku kwetu anayevuka mpaka anatafuta panga.

Lakini nikiwasha kazi yangu, yake inazorota, na yangu inazorota vilevile. Nikamwambia anavuka. Akasema mwizi ni mimi. Tukanuniana wiki nzima. Siku hiyo mjane mmoja alikuwa amekaa mlangoni akisubiri video ya maziko ya mumewe, nami nikaiwasha. Mwenzangu akasimama.

“Unakulaka fasi yangu,” alisema. “Leo utaitapika.”

Akanipiga stabilaiza ya usoni, lile boksi zito la kutuliza umeme. Niliusikia mfupa kabla ya maumivu. Nikanyakua bisibisi nikamchoma kiganja hadi ikagonga meza, damu ikarukia kibodi, mjane akakimbia akipiga yowe. Nilitaka kumuua, kwa nini nidanganye? Watu walitutenganisha kwa fimbo.

Hospitalini Mbarara, sina la kufanya, nikasoma kwenye simu. Viini halisi vilikuwa vinne tu. Kila kimoja kilijionyesha mara mbili: sifuri na nne ni kiini kimoja, moja na tano ni kiini kimoja, hadi mwisho. Tulipaswa kugawana jozi kwa jozi. Mstari wetu wa haki ndio uliotulaza kitanda kimoja, tukipigana mateke.

Alikuja kuniona, mkono umefungwa bandeji, kabeba chupa ya uji. Nikampa simu asome. Akasoma, akarudia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Sasa tulipiganiaka nini?” akauliza.

Taya langu lilikuwa limefungwa waya, sikuweza kusema. Niliushukuru ule waya.