Dume Aliyekula Kila Asubuhi

Je, nilikiona kweli kile nilichokiandika? Swali hilo lilininyima usingizi tangu niliporudi nyumbani Busia, nikiwa na digrii mpya na barua ya nafasi ya kwenda kusoma Uingereza.

Nafasi hiyo niliipata kwa ripoti moja. Kwa miezi kadhaa nilikuwa katika maabara huko Mombasa, nikitazama ndani ya tangi la kioo samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wanaishi ndani ya mnyama laini aliyeganda mwambani, mwenye mikono mingi kama nyuzi, inayochoma samaki wengine. Wao hawadhuriki. Jike hutaga kwenye jiwe, chini ya mikono hiyo, na dume huyalinda mayai. Nilimwona akiyagusa kwa mdomo mchana kutwa. Nikaandika: baba huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Mkuu wa maabara, Mwingereza, aliipigia mstari sentensi hiyo na kuisifu.

Jumamosi nilimkuta shangazi sokoni akipasua ngege, samaki wa ziwa letu. Mmoja alikuwa na vitoto tele mdomoni, kama nilivyozoea kuona tangu utotoni.

"Shangazi, ngege akibeba watoto hivi, anakula?"

"Atakula na mdomo gani? Ona tumbo, tupu!" Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Huyu ndiye msomi wetu. Wazungu wanampeleka Ulaya, na samaki bado anauliza kwangu!"

Walicheka. Mimi nililitazama lile tumbo tupu. Yule dume wa Mombasa alikula kila asubuhi, tena kwa pupa. Hakubeba kitu. Alikuwa akiyasafisha mayai na kuyatoa yaliyoharibika, nami nikamvika tabia ya ngege wa kwetu.

Siku tatu nilijibishana na nafsi yangu. Labda hakuna atakayegundua. Labda watagundua nikiwa huko, peke yangu, kwenye baridi. Na wakininyang'anya nafasi? Mama alikuwa amekwisha kualika kanisa zima kuja kuniaga.

Jumanne niliendesha baiskeli hadi posta ya Tororo, ambako hakuna aliyenijua. Barua yangu kwa mkuu wa maabara ilikuwa ya mistari minne: sentensi ile si kweli, nilikisia, mayai hubaki kwenye jiwe, nisameheni.

"Ya Mombasa?" karani aliuliza. "Gunia la leo nalifunga sasa. Iende, ama ingoje la kesho?"

"Iende," nikasema, nikasimama palepale mpaka alipokaza kamba.