Moto au Mtoto

Sukari ikianza kushika chini ya sufuria hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inaita watu jikoni. Ya pili huja ukichelewa kidogo tu, ni chungu, na inakaa kwenye nywele mpaka kesho yake. Mimi hii ya pili ndiyo naijua zaidi. Kila mwaka baridi ikiingia hapa Louisville, Marekani, na Noeli ikikaribia, nachemsha plamu za dukani napika konfitiri, ambayo wengine huiita jamu, na majirani zangu wa mtaa wa Highview wanadhani bibi huyu anapenda sikukuu. Sipendi. Napika kwa sababu mama yangu alipika, na kwa sababu mara ya mwisho alipopika, mdogo wangu alikufa. Nalisema mapema ili msomaji asifikiri namletea habari za utamu.

Nilizaliwa Kongo, juu kwenye milima ya Lubero, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi na watoto huenda shule wamebana mikono kwapani. Baba alikuwa katekista, mtu wa hukohuko milimani. Mama alitoka mbali, Maniema, kwenye joto na mawese, na lugha ya baba ilimshinda mpaka uzee. Ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha mbio, anameza nusu ya maneno kama mtu anayeogopa kunyang'anywa chakula. Dada zake baba walimcheka. "Huyu mke wa katekista anaongea kama anakimbizwa," walisema, naye amekaa palepale anasikia. Mama alicheka nao. Sijui kicheko kile alikuwa anakitoa wapi.

Tulikuwa watoto watatu. Wa kwanza ni Paluku, ambaye mpaka leo namwita Yaya, maana kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, niliwahi kumwita hivyo mbele ya Watanzania waliofanya kazi huko, wakacheka mpaka wakakaa chini, kwao yaya ni msichana wa kulea watoto, na Paluku wakati huo alikuwa mzee mwenye ndevu. Lakini nimetoka nje ya njia. Wa pili ni mimi, Masika. Wa tatu alikuwa Kambale, ambaye mwaka ninaousema alikuwa ameanza kutembea, hatua nne kisha anakaa, anajipigia makofi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na darasani nilikuwa wa pili. Sisemi kujisifu. Mtaona kwa nini nasema.

Konfitiri mama alijifunza kwa masista wa misheni, aliokuwa akiwafulia nguo. Kwetu kulikuwa na magogwe, yale matunda mekundu yenye umbo la yai, na Desemba miti iliinama kwa uzito wake. Tuliyamwagia maji ya moto, ngozi ikabanduka yenyewe, ndani yakawa mekundu kama nyama. Vidole vyetu vilibaki na rangi ile siku nyingi. Kanisani ungejua ni nyumba gani imepika. Mama alitia sukari, akakoroga, akadondosha tone kwenye sahani, akainamisha sahani. Tone likikimbia, bado. Likisimama, tayari. Yalikuwa mambo ya mara moja kwa mwaka. Mkate ulitoka mjini na lori la misheni, na asubuhi ya Noeli kila mtu alipata kipande kimoja kilichopakwa mpaka ukingoni. Wiki ile yote tulikuwa watoto wema kupita kiasi, mpaka baba mwenyewe alikuwa anatushuku.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mvua imetoka kupita na kuni zilikuwa mbichi. Mama alinipa mwiko akaenda kuteka maji. Yaya Paluku alikaa mlangoni, anachonga gari la mti. Kambale alikuwa kwenye mkeka upande wa pili wa jiko. Kuni mbichi zinachelewa kuwaka, kisha zinawaka zote pamoja. Konfitiri ilipanda ghafla, povu jekundu likamwagikia motoni, moshi wa sukari ukajaa jikoni. Kambale aliliona povu akasimama kulifuata. Mama naye ndiyo alikuwa anafika mlangoni na ndoo kichwani. Akapiga kelele. Nilichosikia ni "Toa moto!" Nikashika lile gogo kubwa nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Gogo lilikuwa limebana figa moja, likatoka na figa lake, na sufuria ikalala upande aliokuwa Kambale.

Maji ya moto yakikumwagikia yanatiririka yanaondoka. Konfitiri haiondoki. Sitaeleza zaidi ya hapo. Walimpaka yai, wakampaka majivu, masista wakaleta dawa yao, na siku ya tatu tukamzika. Noeli mkate ulikuja na lori kama kawaida. Sikumbuki nani aliula.

Asubuhi moja baada ya mazishi baba alituita sebuleni. Shangazi walikuwepo wote, wamekaa kwenye benchi kama baraza la kanisa. Baba alimwuliza mama ilikuwaje. Mama alisema, "Nilimwambia atoe mtoto. Nilisema toa mtoto. Yeye akatoa moto." Aliposema hivyo hakumeza hata neno moja. Mimi nikasema nilisikia moto. Shangazi mkubwa akasema, "Basi mmoja wenu ndiye aliyemuua, tuambieni ni yupi." Baba akamgeukia Yaya Paluku. "Wewe ulikuwa mlangoni. Mama yako alisema nini?" Paluku alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitazama huku, akatazama kule, akajibu, "Mtoto." Baba akasema basi. Muhula ulipofunguliwa Paluku alienda shule na mimi sikwenda. Baba alisema mtoto asiyesikia neno la mama yake, mwalimu atamfundisha nini? Nikabaki nyumbani kufua, kulima na kuteka maji. Kusoma kwangu kuliishia hapo. Haya mnayosoma nimejifunza kuyaandika ukubwani, kwa kusoma Biblia kidole chini ya mstari.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kutazama midomo ya watu. Mpaka leo kijana wa duka kule Shively akiniambia kitu namwambia rudia, na akirudia, namwambia tena. Watoto wangu wanaona aibu. Wanadhani ni Kiingereza kinanishinda. Kiingereza kinanishinda, ndiyo, lakini si hilo. Maisha yangu yote nilitaka kujua jambo moja tu: mdomo wa mama ulitoa neno gani. Kama ni mtoto, basi masikio yangu yalimuua ndugu yangu. Kama ni moto, nilifanya nilichotumwa. Mama sikumwuliza hata siku moja. Nilimwogopa, halafu nilimhurumia, halafu vita vilitukimbiza tukafika kambini Uganda, na kambini ana nani mwingine mtu zaidi ya mama yake? Alifia mikononi mwangu huko. Aliyebaki ni Yaya Paluku, ambaye ndege yake ilimpeleka Buffalo na yangu ikanileta Louisville.

Desemba iliyopita wakanipigia simu kwamba Yaya ana hali mbaya. Nikapika konfitiri, nikafunga chupa moja kwenye kitenge, na mwanangu Jeremi akaomba siku nne kazini kwake ghalani anipeleke. Tulilala Columbus kwa binti yangu Neema. Yeye ndiye aliyekifungua kile kitenge akashika kiuno.

"Mama, mjomba ana sukari! Wamemkata mguu kwa sukari, na wewe unampelekea sukari?"

"Atanusa," nikasema.

"Atanusa! Jeremi, msikie mama yako. Anasafiri siku mbili kwenye theluji akanusishe mtu."

Wajukuu waliuliza kwa Kiingereza bibi amefanya nini, akawaeleza kwa Kiingereza, wakacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo nikajua kile kicheko cha mama kinatoka wapi.

Buffalo theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Yaya alikuwa anakaa Riverside, nyumba ya mbao karibu na mto, na kitanda chake walikiweka sebuleni kwa sababu ngazi zilimshinda. Alikuwa amekonda, macho ndiyo yale yale. Nikafungua kifuniko nikamsogezea. Akanusa, akafumba macho.

"Masika, wewe umekuja kuniua."

"Nusa tu, Yaya."

"Umeiunguza."

"Kidogo."

Nikarudisha kifuniko. Jeremi alikuwa nje anazoa theluji mlangoni, tulisikia koleo lake linakwaruza. Nikasema, "Yaya, nina swali." Akasema, "Najua swali lako. Nililingoja kambini, ukanyamaza. Nikasema bon, haya, labda amesahau."

"Mama alisema nini?"

"Alisema moto."

"Usinifurahishe kwa sababu tumezeeka."

"Moto, Masika. Toa moto. Jikoni palijaa moshi, aliona povu tu. Kambale hakumwona. Mimi mwenyewe sikumwona."

"Mbona kwa baba ulisema mtoto?"

Akageuza uso akatazama dirishani. "Baba aliuliza, mama akaniangalia. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona. Aliniangalia vile, nami nikajua. Shangazi walikuwa wanangoja niseme moto tu. Wangemrudisha Maniema siku hiyo hiyo, na sisi tungebaki mikononi mwao. Wewe, donc, basi, nilijua watakuchapa, yaishe."

"Walinitoa shuleni."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakupita kila asubuhi na daftari."

Hakuomba msamaha, wala sikumwomba aombe. Nilimfunika miguu, nikasahau kwamba umebaki mmoja.

Alikufa Februari, nami sikuweza kwenda, barabara zilikuwa zimefungwa. Sasa ni mimi peke yangu ninayejua kwamba Kambale alikuwa anajipigia makofi. Jikoni kwangu hapa Highview hakuna kuni wala mafiga. Jiko ni kioo kilicholala, unazungusha swichi linazimika. Mjukuu wangu mdogo, mtoto wa Jeremi, akilisogelea, mama yake anampigia kelele kwa Kiingereza na mtoto anaganda palepale. Kwa lugha yao moto na mtoto havifanani hata kidogo. Wana bahati, ingawa hawajui ni bahati gani, na mimi sina lugha ya kuwaeleza.

Mama namwelewa. Alikuwa msichana tu, kama miaka ishirini na saba, mgeni kwenye milima ya watu, amezika mtoto na anakaribia kupoteza wawili wengine. Alitazama nyumba yake akachagua kitu cha kutupa ili kingine kipone, na kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa mimi. Ningekuwa yeye labda ningefanya vile vile. Hilo nimeshamsamehe, nilimsamehe tukiwa njiani kurudi, kabla gari letu halijafika Columbus. Lakini kambini alilala kitandani miaka miwili. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamsogezea sikio kila alipofungua mdomo, na alinisimulia mengi, hata habari za mbuzi wa baba yake. Tulikuwa wawili tu ndani ya hema. Alikuwa na muda.