Kiboko wa Misikhu

Kabla ya kukandika ukuta, senge yangu Nakhungu, dada wa baba, alionja udongo kwa ncha ya ulimi. Hakuacha hata mikono ilipoanza kumtetemeka.

Alikuwa amezika watoto watatu huko Kibomet, mumewe Wabwile alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu. Hakuna aliyefikisha wiki. Vita vilipokuja, Wabwile alipelekwa Misri na jeshi, na mwaka 1945 akarudi nyumbani Misikhu na picha iliyokunjwa. Ilionyesha mchoro wa kale: kiboko mwenye mimba, amesimama wima, miguu ya simba, mgongo wa mamba. Mzee mmoja wa huko alimweleza kwamba alichorwa kwa ajili ya wanawake wanaojifungua. Wanyama walioogopwa kuliko wote waliunganishwa kuwa mmoja, akapewa kazi ya kumlinda mama.

Senge aliitazama picha siku nzima. Kesho yake alimchora mnyama huyo kando ya mlango wa mbele, kwa masizi na udongo mweupe, mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Wazee wa kanisa walimtuma mwenzao Jotham. Alisema kwa upole kwamba Krismasi inakaribia na kila mwanamke atakandika nyumba upya. Naye akandike tu, amfunike mnyama, mambo yaishe. Akikataa, hatashiriki tena meza ya Bwana.

"Na dada, ni kiboko gani hii inasimama na miguu mbili kama chifu?" akaongeza, akicheka.

"Ni ile haikuwa Kibomet."

Jotham aliacha kucheka. "Kwa hivyo unaiomba?"

"Naomba Mungu. Hii naiangalia tu."

Wiki ya Krismasi alikandika kuta zote, akamzunguka mnyama taratibu, kama mtu anayepita mtoto aliyelala. Jina lake lilipotajwa kanisani kuwa ametengwa, alikuwa benchi la mbele, na hakuinamisha kichwa. Kwa miaka kumi na mbili aliketi hapo kila Jumapili, wengine wakiinuka kwenda mezani. Hakupata mtoto mwingine. Lakini wanawake wenye mimba, hata mke wa Jotham, walipita kwake kuutazama ukuta.

Mwaka 1957 aliugua, nami nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Wazee walinipa ujumbe: Jotham atamletea meza kitandani, mradi mimi niukandike ukuta. Nilimweleza. Akasema maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwake:

"Mwambie akuje. Lakini apitie mlango wa mbele, wasalimiane na kiboko."